Mwavuli wa Verlene Stroud

Kwetu mbunge wa Bunge la jimbo, si lile la taifa, haishi kwa ubunge. Posho anayopewa inaishia kwenye petroli ya kwenda makao makuu na kurudi, na sisi wapiga kura ndivyo tunavyotaka, maana tunaamini mtu akilipwa vizuri kule juu atasahau njia ya kwao. Kwa hiyo kikao kikiisha mmoja anarudi kwenye mabanda yake ya kuku, mwingine kwenye duka lake la majeneza, na wengi, wengi kupita kiasi, wanarudi kwenye uwakili. Asubuhi wanatunga sheria, mchana wanazila. Tukiulizwa kwa nini tunakubali, tunacheka.

Verlene Stroud alikuwa mmoja wao. Mama yake, Idella, alisimama nusu ya maisha yake kwenye kiwanda cha kuku cha kaunti ya Pinder akikata mapaja na kutenga mabawa, mikono ndani ya maji ya barafu, ili binti yake asome. Verlene akasoma. Akarudi na shahada ya sheria, akafungua ofisi mjini Marl, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani, ukuta mmoja na kinyozi. Alikuwa na sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti, na hasira za karibu, na watu walimpenda kwa yote mawili. Alipogombea mara ya kwanza alikula kambare wa kukaanga katika kila ukumbi wa kanisa wa kaunti nzima, akashinda, na tangu hapo hakuna aliyemtikisa. Hospitali yetu ilipofungwa, ni yeye aliyeapa kwamba itafunguliwa tena. Kila mwaka aliuleta muswada wa hospitali, kila mwaka ukafia kwenye kamati, na kila mwaka aliurudisha akiwa na hasira zaidi.

Sasa huo mwavuli. Ipo sheria kwetu, tunayoiita mwavuli, ya tangu wabunge wanasafiri kwa farasi, inayosema kwamba wakili aliye mbunge halazimishwi kufika mahakamani wakati Bunge linakaa. Anamwambia hakimu, "Mimi niko kikaoni," na kesi inapigwa kalenda. Hakimu hana la kusema. Hapo mwanzo ilikuwa na maana. Halafu watu wakajanjaruka. Ukiwa na kesi ambayo lazima utashindwa, usihangaike kutafuta wakili hodari. Tafuta wakili mbunge, ukae chini ya mwavuli wake, usubiri. Mashahidi wanasahau, wanahama, wanakufa. Kesi inaoza yenyewe.

Verlene alilijua hilo, na anayesema hakulijua anamtetea bure. Tena yeye ndiye aliyeupanua huo mwavuli. Zamani ulifunika siku za kikao tu. Yeye akasimama bungeni, akasema mawakili wadogo wa mashambani wanaonewa, akaongeza kifungu: mwavuli ufunike siku zote mpaka Bunge lifungwe rasmi, hata kama wabunge wako nyumbani wamelala. Kilipita kabla ya chakula cha mchana. Watu walipigiana makofi mgongoni.

Mtu wa kwanza kunyeshewa alikuwa Ozella Grimsley. Mumewe alisagwa na mashine kwenye kiwanda cha mbao, mashine ambayo kila mtu pale alijua kinga yake ilikuwa imeng'olewa ili kazi iende haraka. Ozella akashtaki. Mwenye kiwanda akavuka barabara, akaingia kwa Verlene. Basi kila kesi ilipoitwa, Ozella alikuwa benchi la mbele, kofia ya kanisani kichwani, mkoba magotini. Na kila ilipoitwa, Verlene alisema Bunge halijafungwa. Wafanyakazi wawili walikuwa wameiona ajali ile. Mmoja alihamia Texas, hakupatikana tena. Wa pili alikufa kwa mapafu. Siku ya kesi kufutwa, Ozella alisimama, akarekebisha kofia yake, akatoka bila kumtazama mtu. Verlene alikwenda kula.

Miaka ikapita. Kisha Harlan, mdogo wake Verlene, akauawa.

Alikuwa ametoka kwa mama yao mchana kweupe kwenda kuchukua barua kwenye sanduku kando ya barabara. Gari likaacha njia, likamkumba yeye na sanduku. Idella alikuwa barazani anamenya kunde. Aliona kila kitu. Aliona mlango wa upande wa usukani ukifunguka, akamwona Tripp Lassiter, mtoto wa tajiri wa magari, akishuka anapepesuka. Halafu akaona kitu ambacho hakikumtoka tena: Tripp hakwenda alipolala Harlan. Alizunguka gari, akamburuta rafiki yake aliyekuwa amelewa hajitambui, akamkalisha penye usukani. Ndipo akapiga simu.

Rafiki yule hakukumbuka chochote. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Kesi nzima ilikuwa macho ya Idella Stroud, mwenye miaka themanini na mbili na moyo ambao daktari alisema hausubiri sana.

Mzee Lassiter hakutafuta wakili hodari. Alimtafuta Whit Cauthen, mbunge wa pwani, anayekaa bungeni viti viwili tu kutoka kwa Verlene.

Siku kesi ilipoitwa, Idella alivaa suti yake ya Pasaka. Whit alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa upole kabisa kwamba Bunge linakaa na yeye ni mbunge. Haikuchukua muda wa kunywa maji. Verlene aliruka kutoka benchi.

"Muongo! Leo Bunge halina hata kamati moja! Uliondoka juzi kwenda kuvua samaki!"

"Bi Stroud," hakimu akasema, "wewe hapa si wakili, ni ndugu wa marehemu. Keti, au utoke."

"Mheshimiwa Hakimu, mama yangu—"

"Keti, Verlene." Hakimu alishusha sauti. "Unajua sina uwezo. Wewe ndiye unayejua kuliko wote humu ndani."

Aliketi. Mama yake akamshika goti, akauliza kwa sauti kubwa, ukumbi mzima ukasikia, "Sasa mbona hawajaniita?"

Verlene alimkamata Whit kwenye ukumbi wa Bunge, chini ya picha za maspika waliokufa, mbele ya watu. Hakujali.

"Whit, huna haya. Yule ni mama yangu."

"Pole sana kwa Harlan, dada. Kwa kweli. Mke wangu alileta maua."

"Sitaki maua yako! Nataka uje mahakamani!"

"Nitakuja. Bunge likifungwa."

"Mama ana moyo mbovu, unajua hilo. Unamsubiri afe."

Whit akatabasamu, lile tabasamu lake la kwenye mabango. "Hebu tusitukanane. Mimi natumia sheria ya nchi. Tena siku ile unaiombea kura, mimi ndiye niliyekuunga mkono. Mwavuli wako huu, Verlene. Ulishona mwenyewe. Unataka nilowe kwa sababu safari hii mvua imepiga kwenu?"

Watu wawili watatu walicheka. Angempiga. Mkono ulikwisha kuinuka na mkoba wake, lakini karani mmoja wa kamati akapita katikati yao na sinia la kahawa, na Whit akatumia nafasi hiyo kuondoka akipiga mluzi.

Alipeleka muswada wa kukifuta kifungu. Kamati ya sheria ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na wanane walikuwa mawakili. Walimsikiliza kwa heshima kubwa, wakampa pole, wakauweka muswada chini ya mafaili, na hapo ndipo ulipo mpaka leo. Kuna uovu unaokunja uso. Hawa waliinamisha shingo tu, kwa huruma, kama watu walio msibani.

Na mwaka ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, maana wakubwa wa Bunge waligombana na gavana juu ya bajeti, wakagoma kufunga kikao. Hawakukaa, hawakufunga. Waliwaruhusu wabunge warudi makwao, wakaacha mlango wazi. Katiba yetu inataka Bunge lisipitishe siku tatu bila kukutana, kwa hiyo wakawa wanafanya kile tunachokiita kikao cha dua: mbunge mmoja anayekaa karibu anakuja, mwingine anakalia kiti cha spika, mchungaji anaomba, yule mmoja anatoa hoja ya kuahirisha mpaka siku nyingine, rungu linagongwa, kwisha. Watu wanakwenda kunywa chai ya barafu. Ni mwiko kufanya jambo lingine lolote katika kikao cha dua. Hakuna kanuni inayokataza. Ni uungwana tu. Wezi nao wana uungwana wao.

Masika ikaisha, joto likaja, pamba ikafunguka, na Whit bado yuko kikaoni.

Verlene alipendekeza mama arekodiwe ushahidi mapema. Mwendesha mashtaka akamweleza, kwa aibu, kwamba kurekodi nako kunataka wakili wa upande wa pili awepo, na huyo wakili yuko chini ya mwavuli. Akaenda kumwambia mama yake. Idella alikuwa barazani palepale, anamenya kunde, akitazama sanduku jipya la barua.

"Nisingekubali kurekodiwa hata hivyo," Idella alisema. "Nataka yule Tripp anitazame. Nimemjua mtoto yule tangu anabatizwa, analia mpaka anatapika. Nataka aketi pale anitazame nikisema."

"Nimekuelewa, mama."

"Kila asubuhi najisimulia, nisije nikapoteza kipande. Mlango wa upande wa usukani. Shati jeupe. Akazunguka kwa mbele, siyo kwa nyuma. Jana nilisema kwa nyuma, nikajichapa kofi." Akatupa ganda. "Hebu niambie, hii sheria ya kipumbavu aliitunga nani?"

Verlene angeweza kusema ni ya zamani. Ingekuwa nusu ya kweli, na alikuwa amekula kwa nusu za kweli maisha yake yote.

"Kipande kinachotuumiza, mimi."

Mikono ya Idella ilisimama. "Wewe?"

"Nilidhani nawasaidia mawakili wadogo."

"Uliwasaidia?"

Verlene aliinama kuokota ganda.

"Basi ifute."

"Nimejaribu. Wamekataa."

"Mimi nilikata kuku mpaka vidole vikakataa kukunjika ili wewe uje uniambie umejaribu?" Idella alilisukuma bakuli, kunde zikamwagika sakafuni. "Ondoka. Nenda huko kwenye Bunge lako ukajaribu tena. Usije hapa kunililia, Verlene. Mimi ndiye niliyefiwa na mtoto."

Aliendesha gari kurudi makao makuu akiwa anatukana peke yake, akimtukana Whit, kamati, gavana, Tripp, na alipokwisha kuwatukana wote akabaki yeye, akajitukana. Na katikati ya matusi ndipo lilipomjia. Sheria haikusema mpaka wabunge wapumzike. Ilisema mpaka Bunge lifungwe rasmi. Aliiandika mwenyewe, alilijua kila neno. Seneti, ile nyumba ya pili ya Bunge letu, ilikwisha kutoa azimio tangu masika: nyinyi mkifunga, nasi tumefunga. Na hoja ya kufunga Bunge haijadiliwi. Ikitolewa, inapigiwa kura papo hapo.

Kilichombakiza barabarani, gari limeegeshwa kando, injini inanguruma, ni hospitali. Mwaka ule, baada ya miaka yote ile, muswada wake ulikuwa umetoka kwenye kamati. Seneti imeupitisha. Ulibaki kura moja ya mwisho, ya kuitwa kwa majina, isiyopigwa mpaka wabunge warudi. Bunge likifungwa, kila kilichobaki mezani kinakufa. Mwanamke wa Pinder akishikwa na uchungu wa kuzaa angeendelea kupelekwa kaunti ya tatu, na wengine wangeendelea kuzalia njiani. Alikaa pale mpaka dereva wa lori la magogo akasimama kumuuliza kama gari limeharibika. "Haliko sawa," alimwambia, "lakini linakwenda."

Alijitolea kushika zamu ya kikao cha dua. Walimshukuru.

Kiti cha spika siku hiyo kilikaliwa na mzee Foy Dunaway, mbunge wa mjini palepale, aliyekuwa akiyafanya hayo kwa sababu nyumbani kulikuwa na kelele. Aliijua kanuni kama mkewe anavyoyajua makosa yake. Mchungaji akaomba, akaaga. Walibaki Foy, Verlene, karani, na feni.

"Mheshimiwa wa Pinder," Foy alisema akifungua gazeti, "hoja yako."

"Natoa hoja Bunge lifungwe rasmi."

"Bunge linaahiris—" Gazeti likashuka. "Umekosea maneno, mama."

"Sijakosea."

"Verlene. Hicho hakifanyiki kwenye dua."

"Nionyeshe kanuni inayokataza."

"Watakuchuna ngozi."

"Wanichune."

"Na hospitali yako? Ulilia hapa juu ya hiyo hospitali. Mimi nilikuona."

"Inakufa. Najua inakufa, Foy, usinisomee! Hoja haijadiliwi. Ipigie kura au uniambie kwenye kumbukumbu kwamba umeikataa."

Mzee yule alikunja gazeti taratibu, akaliweka chini. Alikuwa amekaa mle ndani kuliko mazulia, na pengine naye alikuwa na hasira zake za siku nyingi; hakuwahi kusema. "Hoja imetolewa. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo!" Sauti ya Verlene ilirudi kutoka kwenye kuba la dari.

"Wasioafiki?"

Viti vilinyamaza. Karani alitazama juu, kana kwamba anahesabu taa. Kwa kanuni zetu, kama hakuna anayelalamika kwamba wabunge hawatoshi, basi wametosha. Foy akagonga rungu.

Mlipuko wake ulifika mpaka Marl kabla hajafika yeye. Spika alimpigia simu, maneno aliyoyatumia hayaandikiki. Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Habari za hospitali zilijulikana jioni ileile. Kinyozi, jirani wa miaka yote, aliacha kumsalimia. Mtu akamwagia rangi mlango wa ofisi yake. Mwanamke mmoja alimsimamisha dukani, mtoto kiunoni, akamwambia, "Huyu nilimzaa kwenye gari la shemeji yangu. Nilikupigia kura mara zote. Umemuuza huyu kwa ajili ya mama yako." Na ndivyo ilivyokuwa. Uchaguzi wa Novemba hakungojea matokeo yake, alikwenda kulala.

Lakini kesi iliitwa, na Whit Cauthen alifika, na safari hii alifunga kifungo cha koti na hakuwa na la kusema.

Idella alipanda kizimbani na suti ya Pasaka, sasa ikimpwaya. Alieleza yote. Mlango wa upande wa usukani, shati jeupe, akazunguka kwa mbele. Whit alisimama kumhoji, sauti imejaa asali.

"Mama Stroud, umri wako, na umbali ule. Una hakika uliona vizuri?"

"Wewe umekuja na soksi mbili tofauti," Idella alisema. "Nimeziona ulipovuka mlango."

Ukumbi ukaangua kicheko, Whit akatazama miguu yake, na Idella hakucheka. Alikuwa amemgeukia Tripp. "Mwanangu hakufa papo hapo," alimwambia. "Alikuwa ananiita. Wewe ulimsikia, ukaenda kumshughulikia mlevi mwenzako." Hakimu alitaka kumkatiza, akaacha. Tripp alishindwa kumtazama. Baraza la wazee wa mahakama halikukaa sana chumbani. Walimtia hatiani.

Walipotoka, Verlene amemshika mama yake mkono kwenye ngazi za mahakama, alikuwa karibu kuwa na furaha. Alikuwa amepoteza kiti, jina, na hospitali, lakini mama amesikilizwa. Hapo chini alisimama mwanamke mwenye kofia ya kanisani, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Ozella Grimsley alikuwa amezeeka.

"Nimekaa nyuma," Ozella alisema. "Nilitaka kuona kwa macho yangu."

"Bi Ozella..."

"Siku zote zile ulikuwa unasimama pale unasema Bunge halijafungwa. Mimi nikaamini. Nikasema, sasa mtu atafanyaje, ndiyo serikali." Hakupandisha sauti. "Kumbe lilikuwa linafungika. Kumbe ni kusema ndiyo tu."

Alimpita Verlene kama mtu anavyopita nguzo, akamshika Idella mkono, akamwambia, "Mama, umesema vizuri. Pole kwa mwanao." Akaenda zake.

"Ni nani yule?" Idella aliuliza.

Ilibidi amwambie. "Mumewe aliuawa kiwandani. Alikuwa na kesi. Mimi nilikuwa wakili wa mwenye kiwanda."

"Alikaa kama nilivyokaa mimi?"

"Zaidi, mama."

"Mwisho akasikilizwa?"

"Hapana."

Idella akauondoa mkono wake kwenye mkono wa binti yake, akashika chuma cha ngazi, akaanza kuteremka mwenyewe.